Maziwa hayaoshi moshi wa kuchomelea

Hapa Kibuye, Kisumu, ukimaliza kuchomelea geti lazima mtu akuambie "kunywa maziwa pakiti moja itoe huo moshi", hata mimi niliambiwa hivyo nikianza kazi hii ya jua kali. Lakini maziwa yanaenda tumboni na moshi umeingia mapafuni, hizo ni njia mbili tofauti kabisa.

Ile homa inakushika usiku ukishachomelea paipu za zinki, unatetemeka, kichwa kinagonga, kawaida inaisha yenyewe kwa siku moja ama mbili, sasa mtu akinywa maziwa akapona anaona ni maziwa. Na homa kuisha si kumaanisha uko salama, mwaka 2017 IARC, shirika la utafiti wa saratani chini ya WHO, liliuweka moshi wa kuchomelea kwa vitu vinavyoleta saratani kwa binadamu.

Ndugu zangu, fanyia kazi nje, upepo ukupige ubavuni, kichwa kisikae juu ya moshi, na usafishe zinki na rangi hapo unapounganisha kabla hujawasha, ukiwa na maski. Leso haizuii, hizo chembe ni ndogo mno, afadhali N95 inayoshika uso vizuri.