Kisanduku kitupu sio dhambi

Juzi napanga mafaili ya kasa tuliowatibu hapa Malindi nikakuta fomu moja, mwandiko wangu mwenyewe, jinsia: jike. Kasa uziwa, gamba sentimita 48. Sasa mimi nilijuaje ni jike? Sikujua! Kasa mdogo hivyo humjui kwa macho, dume mkia unarefuka akishakomaa, kabla ya hapo wote wana kamkia kafupi. Nilijaza tu kwa vile kisanduku kilikuwepo na kikiwa kitupu kinakera.

Ndo balaa lenyewe. Kisanduku kitupu kila mtu anaona ni kitupu, lakini kisio likishaingia kwa wino halijulikani tena kama ni kisio, mwakani mtu anahesabu majike wangapi walinaswa na jarife (wavu mkubwa wa kutega) na yule wangu wa uongo yumo. Siku hizi naandika "haijulikani", au "hajapimwa, mizani imekufa betri", basi.

Urefu nao una mambo. Tepu ya fundi cherehani inalala juu ya mgongo inafuata mviringo, kalipa, ile rula ya taya mbili, inapima mstari ulionyooka, kwa hiyo tepu lazima itoe namba kubwa zaidi. Kuna kasa "alipungua" sentimita 3 kwa mwezi, watu wakaanza kuhangaika na chakula chake, kumbe aliyeingia zamu kashika kalipa na hakuandika. Na uzito ndo usiseme, dawa inapigwa hesabu kwa kilo, 11 inayosomeka 17 ni sindano nyingine kabisa.

Akiletwa anaelea, andika anaelea, upande gani umeinuka, akijaribu kuzama inakuwaje. Usiandike "amekula plastiki", maana hewa inaweza kuwa tumboni au imevuja toka pafu lililochanika. Plastiki iandike siku utakapoiona kwenye kinyesi.

Kigumu zaidi ni kwa mvuvi, si unajua kasa analindwa na sheria, akiona fomu anajua ni kesi. Mzee mmoja wa Mayungu nilimuuliza, "Ami, umempata wapi?" akanijibu "hapa hapa tu" mara tatu. Nikaweka kalamu chini tukanywa kahawa, kikombe cha pili akasema mwenyewe: jarife, nje ya mwamba, ilitegwa tangu magharibi. Alipoondoka nikayaandika vile vile alivyosema, na pembeni: "kwa kukumbuka, saa 3 asubuhi".