Daftari Lenye Matope

Kila mwaka, wiki chache kabla ya mahafali, idara yetu hukaa kuamua nani apewe tuzo ya mwanafunzi bora wa biolojia. Zamani kikao hicho hakikuzidi dakika kumi. Karatasi ya alama inafunguliwa, jina la juu linasomwa, chai inamiminwa. Mimi hufundisha ikolojia ya pwani hapa Mombasa, na kwa miaka mingi niliinywa chai hiyo bila kusema neno.

Sisemi alama ni upuuzi. Kupata daraja la kwanza, yaani wastani wa 70 kwenda juu, huku ukipita kwenye jenetiki, biokemia na takwimu kwa miaka minne, kunataka mtu aliyejifunga kibwebwe. Ila mtihani humuuliza mwanafunzi jambo ambalo muulizaji tayari analijua. Ukiwapeleka ufukweni na kuwauliza jambo nisilolijua hata mimi, baadhi ya vinara wetu huniangalia usoni tu, wakingoja nitamke jibu waliandike.

Kilichonitoa usingizini ni konokono. Tulikuwa kwenye mikoko ya hori la Tudor, upande wa Mikindani, siku za maji ya bamvua. Siku hizo maji hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, kwa hiyo darasa hupata muda mzuri wa kufanya kazi kabla bahari haijarudi. Kazi yenyewe ilikuwa nyepesi: kutupa fremu ya mita moja ya mraba pale namba za bahati nasibu zilipoelekeza, na kuhesabu mashimo ya kaa. Wengi walimaliza upesi, wakapiga picha zao, wakaanza kuulizia basi.

Msichana mmoja, ambaye wastani wake ulikuwa 58 na ambaye nakiri sikuwa nikimjua vizuri, alikuwa bado amechutama chini ya mchu, aina mojawapo ya mikoko. Nikamwambia, "Twende, maji yanakuja." Akanijibu, "Dokta, na hawa wanajua." Konokono waliokuwa wametawanyika kwenye matope walikuwa wakiupanda mti mmoja baada ya mwingine, na pale tuliposimama palikuwa bado pakavu. Kwenye daftari lake, kwa penseli, alikuwa ameandika: "7:20 mchana, wa kwanza anapanda. Maji hayajaonekana." Chini yake: "8:35, maji yamefika shinani."

Konokono huyo ni Cerithidea decollata, na tabia yake inajulikana. Marco Vannini wa Chuo Kikuu cha Florence na wenzake walimchunguza sana Mida, kule Watamu, na wakaonyesha kwamba huanza kupanda kabla maji hayajamfikia, kana kwamba ana saa tumboni. Msichana yule hakuwa amesoma hata ukurasa mmoja wa kazi hiyo. Aliona kwa macho yake, akaandika saa, na kesho yake akarudi peke yake kwa nauli yake. Akarudi siku nne mfululizo. Kila siku konokono walichelewa kidogo kuliko jana, kama maji yenyewe yanavyochelewa, na hilo nalo aliliandika.

Tuzo ya mwaka ule alipewa mwingine. Nami nilikunywa chai.

Mwaka uliofuata nilipendekeza tusome madaftari ya nyanjani kabla ya kufungua karatasi ya alama. Si kwa ajili ya unadhifu, maana daftari safi mno hunitia shaka: ama mwenyewe hakushika matope, ama ameyanakili yote upya usiku. Kwanza natafuta sifuri. Mwanafunzi mmoja aliandika, "Fremu ya 7: hakuna shimo. Mfuko wa plastiki." (Naam, mifuko ile ile iliyopigwa marufuku tangu 2017.) Wenzake wangeisogeza fremu hatua mbili hadi mahali penye kaa, na hesabu yao ingependeza zaidi na kusema uongo zaidi. Kisha naangalia makosa yalivyosahihishwa. Aliyepiga mstari mmoja juu ya namba ya zamani, ikabaki kusomeka, namwamini kuliko aliyefuta kwa raba. Tena ikiwa naweza kulichukua daftari lake na kurudi mwenyewe hadi kwenye mti ule ule bila kumpigia simu, huyo amenishinda.

Mwenzangu mmoja alipinga, na hoja yake ilikuwa na uzito. Alama zina namba, alisema, lakini daftari linafungua mlango wa upendeleo. Basi tukakubaliana lisomwe bila jina na walimu wawili kila mmoja kivyake, na wakitofautiana aitwe wa tatu. Dawa hiyo haijakamilika. Darasa la watu arobaini, mwandiko wa mtu unaujua tu.

Wala si jambo geni hilo. Marekani wana jumuiya ya heshima ya wanafunzi wa biolojia, Beta Beta Beta, iliyoanzishwa 1922 katika Oklahoma City University. Alama wanazitazama, lakini kukuza utafiti wa wanafunzi ni miongoni mwa malengo yake.

Lililo gumu zaidi, na sijui kama kikao chetu kitalimaliza, ni ada. Mwanafunzi mwenye deni huzuiliwa matokeo, na asiye na matokeo haingii kwenye orodha ya tuzo. Nimeona daftari zuri kuliko yote likirudishwa kabatini kwa sababu hiyo. Tumeomba idara ifanye uteuzi wake kwanza, mambo ya deni yashughulikiwe na wanaohusika.

Mwaka huu zawadi ni lenzi ya mkononi ya kukuza mara 10, pamoja na cheti. Nimeomba pia cheti kisiandikwe "mwanafunzi bora" peke yake, kwa sababu mtu anayesoma maombi ya ufadhili wa shahada ya uzamili hawezi kujua maneno hayo yana maana gani. Kiandike alichofanya. Kwa mfano: alirekodi saa ya kupanda kwa konokono kwenye mchu, hori la Tudor, siku nne mfululizo za bamvua.