Mpanda farasi haongezi kasi, anaigawa: dhana potofu kuhusu mbio za farasi

Dhana: Farasi anayetokea nyuma na kushinda ameongeza kasi mwishoni

Naanza na hii kwa sababu ndiyo inayodanganya macho kuliko zote. Tarehe 7 Mei 2022, kwenye uwanja wa Churchill Downs mjini Louisville, farasi Rich Strike alishinda Kentucky Derby, mbio mashuhuri za Marekani, wakati wacheza kamari walikuwa wamempa nafasi ya 80 kwa 1, yaani dau la shilingi moja lingeleta faida ya shilingi 80. Aliingizwa siku moja tu kabla, baada ya farasi mwingine kujitoa. Walikimbia farasi 20, naye kwa sehemu kubwa ya mbio alikuwa kule nyuma. Wakiingia sehemu ya mwisho, mpanda wake Sonny Leon akampenyeza kando ya uzio wa ndani, akawapita wenzake mmoja baada ya mwingine. Karibu kila aliyetazama aliapa kwamba farasi yule alipaa.

Saa inasema vingine. Waliokuwa mbele walipita robo maili ya kwanza, kama mita 400, kwa sekunde 21.78, na nusu maili kwa sekunde 45.36. Ni kasi ya kutisha kwa mbio za karibu mita 2,000. Mshindi alifika kwa dakika 2 na sekunde 2.61. Ukitoa zile 45.36, robo maili tatu zilizobaki zilichukua sekunde 77.25, yaani wastani wa 25.75 kila moja. Mbio zilikuwa zinapungua kasi, na waliozianza kwa pupa ndio waliolipa. Rich Strike alibakiwa na pumzi pale wenzake zilipowaishia. Jicho hulinganisha farasi na farasi, halilinganishi farasi na saa. Kwa hiyo anayepungua kidogo huonekana anaongeza, na anayepungua sana huonekana amesimama.

Sonny Leon hakumpa farasi wake nguvu mpya. Kazi yake ilikuwa kukataa kushiriki katika kasi ile ya mwanzo, kisha kutafuta njia katikati ya farasi waliochoka. Hilo la pili si dogo, maana wapanda wengi wenye farasi mzuri hufungiwa ndani, wakafika kwenye utepe farasi akiwa bado ana nguvu ambazo hazikupata pa kutumika.

Dhana: Anayeongoza tangu mwanzo lazima akamatwe

Lazima ipi? Inategemea ameongoza kwa kasi gani na nani anamsukuma. Farasi akiwa peke yake mbele bila mtu wa kumsumbua, mpanda wake ndiye anayeshika saa ya mbio nzima. Anaweza kupunguza kidogo katikati, farasi akavuta pumzi, halafu akafungua tena kabla wa nyuma hawajashtuka.

Derby ya Epsom, Uingereza, ya mwaka 2020 ilikimbiwa Julai bila watazamaji. Emmet McNamara alimpeleka Serpentine mbele, akajitenga kwa umbali mkubwa. Wapanda wengine, baadhi yao wazoefu kumzidi, walibaki wakiangaliana, kila mmoja akiamini kwamba yule wa mbele atachoka na kurudi. Hakurudi. Farasi wa 25 kwa 1 alishinda kwa urefu wa farasi watano na nusu. Miaka 35 kabla yake, mwaka 1985, Steve Cauthen aliongoza Derby hiyohiyo tangu mwanzo hadi mwisho akiwa na Slip Anchor, akashinda kwa urefu wa farasi saba. Wanaosema mtindo huu haufai mbio ndefu wazikumbuke mbio hizo mbili.

Mambo hugeuka farasi wawili au watatu wanapotaka kuongoza kwa wakati mmoja. Hapo hakuna anayekubali kupunguza, na wote huunguzana. Mpanda mwenye busara husoma orodha ya washindani kabla ya siku ya mbio, akahesabu ni wangapi wana tabia ya kukimbilia mbele. Akikuta ni mmoja tu, anajua yule asiachwe aende zake. Akikuta wanne, anajua kukaa nyuma kutamlipa.

Dhana: Kukaa nyuma daima ni kuhifadhi nguvu

Kuna ukweli ndani yake, ndiyo maana dhana hii imedumu. Farasi aliyejificha nyuma ya mwenzake hapigwi na upepo mwingi. Lakini farasi akiwa anapigana na lijamu, kichwa juu, shingo imekakamaa, mpanda akimvuta kwa nguvu zote, pale hakuna kinachohifadhiwa. Farasi akienda shoti, pumzi yake hufuata hatua: hatua moja, pumzi moja. Anayesumbuana na hatamu huvuruga hatua zake, na pumzi huvurugika nazo. Kwa maoni yangu, kumtuliza farasi katika mita 400 za mwanzo ndiyo kazi ngumu kuliko zote, na ndiyo ambayo watazamaji huithamini kidogo kabisa.

Halafu kuna kona. Anayetoka nyuma mara nyingi hulazimika kuwazunguka wenzake kwa nje. Hesabu yake ni ya shule: katika kona ya nusu duara, kila mita moja unayokwenda nje zaidi inakuongezea mita 3.14 za kukimbia. Ukikaa mita tatu nje ya mwenzako, umempa zaidi ya mita tisa bure. Pamoja na hayo, uzio wa ndani nao si pepo. Huko ndiko watu hufungiwa, na pengine ardhi yake imekanyagwa ikawa nzito.

Mwaka 1986 farasi Dancing Brave alionja pande zote mbili za kukaa nyuma. Kwenye Derby ya Epsom, mpanda wake Greville Starkey alimweka nyuma mno. Farasi alikuja kwa nguvu mwishoni, akashindwa na Shahrastani kwa nusu ya urefu wa farasi. Oktoba mwaka huohuo, kwenye Prix de l'Arc de Triomphe mjini Paris, Pat Eddery naye alisubiri kwa muda mrefu, akamtoa nje mwishoni, na akashinda. Farasi ni yuleyule, na mtindo unafanana. Tofauti ilikuwa ni lini na wapi uamuzi ulifanyika.

Dhana: Kiboko ndicho kinacholeta ushindi

Hapana. Farasi aliyeishiwa pumzi hawezi kupigwa akaipata. Uingereza kwa sasa inaruhusu mapigo 6 tu katika mbio za bapa, yaani zisizo na vizuizi vya kuruka, na mbio bado zina ushindani uleule.

Dhana: Mpanda ni mzigo tu, farasi ndiye anayefanya kila kitu

Mwaka 1897 Mmarekani Tod Sloan alikwenda Uingereza akiwa amefupisha vikuku vya tandiko na kujikunja juu ya shingo ya farasi. Waingereza, waliokuwa wakikaa wima, walimcheka, kisha wakamwiga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 ulionyesha kwamba muda wa mbio uliboreka kwa asilimia 5 hadi 7 katika kipindi ambacho mkao huo ulienea. Magoti ya mpanda hufanya kazi kama springi, hivyo farasi halazimiki kuuinua na kuushusha mwili wa mpanda kwa kila hatua.

Zaidi ya mkao kuna saa ya kichwani. Wapanda hujifunza asubuhi baada ya asubuhi mazoezini, wakikadiria sekunde kwa hisia, mpaka wanajua bila kutazama popote kama wanakwenda 24 au 25 kwa robo maili. Sekunde moja hiyo ni urefu wa farasi kadhaa.

Hata hivyo saa hiyo haitoi jibu moja kwa farasi wote. Kwenye Kentucky Derby ya 1973, farasi Secretariat alikimbia kila robo maili kwa kasi kuliko iliyotangulia: sekunde 25.2, 24, 23.8, 23.4, 23. Wiki tano baadaye, kwenye Belmont Stakes ya maili moja na nusu, mpanda wake Ron Turcotte alimwacha aende mbele pamoja na farasi mpinzani, Sham, wakapita robo maili tatu kwa dakika 1 na sekunde 9.8. Wengi waliona kasi hiyo ni ya kujiua. Secretariat alishinda kwa urefu wa farasi 31, kwa dakika 2 na sekunde 24, rekodi ambayo haijavunjwa. Sham, aliyekwenda naye bega kwa bega katika kasi ileile, alimaliza wa mwisho.