Comminus: vita vikishafika mkononi

Juzi dogo mmoja ninayemfundisha Kilatini kaniletea tafsiri ya Caesar, yule jemadari wa Kiroma aliyeandika habari za vita vyake, kila alipokutana na neno comminus kaandika "vita". Nikamuuliza sasa hii pugnatum hapa pembeni, ambayo ndiyo kupigana kwenyewe, umeifanyaje, akasema nayo vita. Nilicheka ila sikumcheka sana, manake mimi enzi zangu seminarini niliona ile minus ya mwisho nikajua ni minus ya "pungufu", nikaandika askari walipigana huku wakipungua, na mwalimu akaisoma mbele ya darasa zima.

Sasa tuelewane, haka kaneno sio nomino na ndani yake hakuna vita kabisa. Ni kielezi. Kuna com-, yaani pamoja, na kuna manus, mkono, halafu ile a ya manus imegeuka i kwa sababu Kilatini cha kale kilikuwa na tabia ya kuzifinya irabu fupi zikishaingia katikati ya neno, ndio maana hata facio ukiiongezea kiambishi unapata conficio, na capio unapata accipio. Kwa hiyo comminus ni pale mikono inapofikiana, basi. Pacha wake ni eminus, nje ya mkono, kwa mbali. Ukikuta cominus yenye m moja usishtuke, ni hilohilo.

Kwanini Waroma walihitaji pacha hawa? Angalia askari wa legioni alivyobeba vitu vyake: pilum, mkuki wa kurusha, na gladius, upanga mfupi wa kuchoma. Anaanza kurusha, hapo ni eminus, kisha anachomoa upanga anaingia, hapo ni comminus. Mwaka 58 KK Caesar alipopambana na Ariovistus, mfalme wa Wajerumani, anasimulia kwamba pande zote mbili zilikimbiliana kwa kasi mpaka nafasi ya kurusha mikuki ikakosekana, ndipo anaandika comminus gladiis pugnatum est. Silaha imetajwa na gladiis, kupigana kumetajwa na pugnatum est, comminus yenyewe imebaki na kazi moja tu, kutuambia umbali.

Kuitafsiri ndio shughuli. Wengi tunakimbilia "ana kwa ana" na haijakosewa, ila ana kwa ana ni habari ya kuonana, hata na bosi wako mnaongea ana kwa ana, wakati comminus ni habari ya kufikiana. "Mkono kwa mkono" ingependeza sana kwa sababu ya manus, tatizo kwa Kiswahili inasikika kama mnapokezana ndoo kisimani. "Kushikana mashati" ni tamu kwa ugomvi wa baa lakini Mroma kavaa vyuma bwana. Mimi siku hizi natafuta kitenzi, naandika "walipofikiana wakachomana kwa panga", na mara nyingi inakaa.

Halafu kuna sehemu ambazo hakuna anayepigana na mwenzake. Tacitus, mwanahistoria wa Kiroma, kwenye kitabu chake Germania anasema wanawake wa Kijerumani walikuwa wanawarudisha vitani wanaume walioanza kulegea, wakiwaonyesha utumwa ulivyo comminus, yaani uko palepale, umeshawafikia. Hapo ukiandika "mapigano" umeharibu sentensi nzima.

Ila mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa mshairi Vergilius, kwenye Georgica, shairi lake la kilimo, kitabu cha kwanza, anapomsifu mkulima ambaye iacto semine, akishatupa mbegu, comminus arva insequitur, analivamia shamba kwa karibu na kuyavunja yale mabonge ya udongo. Ona alivyofanya! Mbegu zimerushwa kama mikuki, sasa mkulima anaingia na jembe kama askari na upanga wake, na msomaji wa Kiroma aliyewahi kwenda jeshini angeisikia hiyo papo hapo. Ukishalima kwa jembe la mkono siku nzima huhitaji maelezo mengine.

Wafaransa nao wakaja kulichukua neno hili. Mwaka 1394 Louis, mtawala wa Orléans, alianzisha chama cha mashujaa chenye nembo ya nungunungu, na mjukuu wake mfalme Louis XII akaiendeleza hiyo nembo, ukienda kasri la Blois utawakuta nungunungu wamechongwa ukutani. Kaulimbiu yao ilikuwa cominus et eminus, kwa karibu na kwa mbali, kwa sababu watu waliamini nungunungu anachoma akiguswa na pia anarusha miiba kama mishale, na hata huku kwetu wapo wanaoapa kwamba anarusha. Harushi. Anakurudia kinyumenyume mpaka miiba ikuingie, mingine inang'oka inabaki kwako. Yaani mnyama wa watu anajua comminus tu, hiyo eminus kasingiziwa.