Gugu ni nini hasa

Wiki hii nimeambiwa mara tatu, shangazi yangu akiwemo, kwamba uwani kwangu hapa Nyegezi, Mwanza, kumejaa magugu, kisa nimeacha ukoka urefuke toka mvua zianze ili nyuki wapate maua. Jamani. Gugu ni mmea ulioota mahali ambapo mwenye eneo hautaki, basi. Sio aina ya mmea. Mahindi yakijiotea katikati ya maharage yako na huyataki, hayo ni magugu, na mgagani ukiota kando ya ukuta ukauchuma ukapika, hiyo ni mboga.

Nadhani huku kwetu neno limeharibiwa na magugu maji. Yale yalitoka Amerika Kusini, yakaonekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, yakaziba mialo mpaka mitumbwi ikashindwa kutoka, kwahiyo mtu wa Mwanza akisikia tu gugu anakumbuka yale na anataka ling'olewe leo leo. Lakini yale ni mmea vamizi, umetoka mbali na huku haukukuta wadudu wa kuutafuna, ndo maana miaka ya 1990 wakaletwa fukusi maalumu. Mlenda pori wangu, ule uliojiotea katikati ya ukoka, hauna kesi hiyo.

Na kuna hili linaloniuma zaidi, mtu kashika fyekeo halafu anasema anapalilia. Kupalilia ni kuchagua, unajua kipi kinabaki na kipi kinatoka, mwenye shamba anang'oa kiduha japo kina maua mazuri ya zambarau kwa sababu kinanyonya mizizi ya mahindi yake. Kufyeka ni kulaza kila kitu, na maua ya mlenda yanaenda humohumo. Ukoka wenyewe unachavushwa na upepo, nyuki anafuata vile vimaua vya katikati, na nyuki huyohuyo ndo anashuka kwenye matikiti kule bondeni, na tikiti maua dume na jike yanakaa mbalimbali, bila mdudu wa kubeba chavua huvuni kitu. Uingereza toka 2019 shirika la Plantlife linahimiza watu wasikate nyasi mwezi mzima wa Mei, ila kwetu Mei mvua ndo zinaisha, mimi naacha toka Machi.

Kwahiyo shangazi yangu, ukipita tena sema majani yamerefuka, hilo nakubali, na mlangoni na njiani nimeshafyeka kwa ajili ya nyoka. Gugu karoti, ambalo nalo ni mmea vamizi, ukiliona nionyeshe nikaling'oe. Hayo mengine tuyaache yatoe maua kwanza.