Bakuli la kachumbari usiku wa Rosh Hashana

Mwaka wangu wa kwanza kupika karamu za Wayahudi hapa London, nilijisikia kuongeza kionjo cha kwetu Pwani: kachumbari, pilipili kidogo, siki ya kutosha. Mama mwenye nyumba akaionja kwa ncha ya uma, akacheka, akaniambia, “Nzuri hii. Tutaila wiki ijayo.” Bakuli likaingia kwenye friji.

Nilikuwa sijui kwamba familia nyingi usiku ule hazigusi kitu kichachu. Rosh Hashana ndiyo mwaka mpya wa Kiyahudi, siku 2 zinazoangukia Septemba au mwanzoni mwa Oktoba, na mwaka unaoombewa uwe mtamu hauanzi kwa siki. Hata mkate, ambao wiki nyingine huchovywa kwenye chumvi, usiku huo wengi huuchovya kwenye asali.

Lakini utamu ni sehemu tu ya mambo. Kinachopanga chakula hiki hasa ni majina. Katika Talmud ya Babeli, mkusanyiko mkubwa wa mafundisho ya Kiyahudi, mwalimu aitwaye Abaye anasema ishara si kitu cha kupuuzwa, kwa hiyo mwanzo wa mwaka mtu apate boga, rubia, liki, silka na tende. (Mahali pamoja imeandikwa azile, pengine azitazame.) Kila jina linagongana na neno la dua. Karti, yaani liki, mboga ya jamii ya kitunguu, linafanana na neno la kukata: maadui wakatwe. Silka, majani ya jamii ya bitiruti, linafanana na kuondoka: waondoke. Rubia inavuta neno la kuongezeka, nasi tuongezewe mema. Wengi huitafsiri kuwa kunde, wengine husema ni uwatu.

Ukitaka kuonja mchezo wenyewe, ufanye kwa Kiswahili: tule tende ili tutende mema, tule kunde ili kundi likue. Nilimwambia hivyo mzee mmoja mezani, akaniomba nirudie polepole.

Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki walifanya vivyo hivyo kwa lugha yao. Kwa Kiyidishi karoti ni *mern*, na neno hilo pia ni kuongezeka. Ndiyo maana utakuta karoti zimekatwa duara kama sarafu, zimepikwa kwa asali mpaka zinang’aa.

Mimi chakula ninachokipenda kwenye meza hii ni *keftes de prasa*, kababu za liki za Wayahudi wa Uturuki. Liki huficha mchanga katikati ya matabaka, tena wadudu, na mdudu mmoja tu huharibu ukosha, yaani uhalali kwa sheria ya chakula ya Kiyahudi, wa sufuria nzima. Kwa hiyo zipasue kwa urefu, uzifungue tabaka kwa tabaka chini ya bomba, uzitazame kwenye mwanga. Chemsha mpaka zilegee, zikate ndogondogo, kisha zifunge kwenye kitambaa na uzikamue. Kamua tena. Ukidhani zimekauka, bado. Maji yakibaki, kababu zitafumuka kwenye mafuta na utaishia kuongeza unga mpaka ladha ipotee. Changanya na kiazi kilichopondwa, yai, chumvi, pilipili manga, kisha kaanga.

Jiko lenyewe siliwashi mimi. Mimi si Myahudi, na kwa sheria ya kosha ni lazima Myahudi awe na mkono katika kupika. Kwa Waashkenazi, Wayahudi wenye asili ya Ulaya ya Kati na Mashariki, yatosha yeye awashe moto, ila Wasefaradi, wale wenye asili ya Hispania, humtaka pia aitie sufuria jikoni. Basi namngoja msimamizi wa kosha, ambaye ni Myahudi, aje awashe, halafu naendelea. Yote yawe tayari kabla jua halijazama, kwa sababu sikukuu ikishaingia moto mpya hauwashwi. Na kwa kuwa nyama na maziwa havikutani, keki ya asali ya baada ya nyama naipika kwa mafuta ya kula, siagi haigusi.

Kichwa cha samaki kiagize mapema. Huwekwa mezani ili mwaka huu “tuwe kichwa wala si mkia”, maneno ya Kumbukumbu la Torati, ingawa nyumba nyingine hutaka kichwa cha kondoo. Samaki awe mwenye mapezi na magamba, kwa hiyo papa na taa hawamo. Mimi huchukua changu mwekundu, namwacha na macho yake, nampaka mafuta ya zeituni na kumwoka taratibu. Watoto huwa wanamgeuzia kisogo.