"Mmetumalizia mafuta!"

Kijana humwambia babu yake: "Mmetumalizia mafuta, yamebaki ya miaka 50 tu." Babu hucheka: "Hata sisi tuliambiwa hivyo hivyo." Wote wawili wanakosea.

Hesabu hiyo hugawanya akiba iliyothibitishwa kwa matumizi ya mwaka. Lakini akiba hiyo si mafuta yote yaliyomo ardhini. Ni yale yanayojulikana na yanayolipa kuchimbwa kwa bei na teknolojia ya sasa. Bei ikipanda, akiba nayo huongezeka. Mwaka 1980 mwanabiolojia Paul Ehrlich aliwekeana dau na mwanauchumi Julian Simon kwamba metali tano zingeadimika na kupanda bei ndani ya miaka kumi. Zilishuka kwa jumla, na mwaka 1990 Ehrlich akalipa. (Simon alikuwa na bahati pia, miongo mingine ingemwangusha.)

Babu naye asishangilie. Bei haijazi tena maji ya kale yaliyo chini ya ardhi, wala hairudishi samaki waliovuliwa kuliko wanavyozaana. Na kuhusu mafuta, angahewa italemewa na moshi wake kabla visima havijakauka.